Mwenye Jina Yuko Naitiri

Karani aliisoma fomu mara ya tatu, akainua macho, akasema kwa sauti iliyofika hadi benchi la nyuma kabisa: "Mama, mwenye jina hili yuko hai, kitambulisho chake anacho, na si wewe."

Nyaruai alikuwa bado ameinua mikono mbele ya kifua kama mtu aliyetoka kukanda unga. Vidole vyote kumi vilikuwa vimepakwa wino mweusi, na kitambaa cha kujifutia ofisi haikuwa nacho tangu wiki iliyopita. Aliangalia upande mmoja, akaangalia wa pili, mwisho akajifutia kwenye ncha ya kilemba chake cha kanisani, kile cheupe. Nyuma yake mtu alicheka puani.

Karani aliitwa Fridah, msichana wa Bungoma, mwenye nywele zilizosukwa vizuri na macho yaliyochoka. Hakuwa mtu mbaya. Aligeuza daftari kubwa ili mama mwenyewe aone. Nyaruai Kabiru, mwanamke, alizaliwa mwaka wa 1946, Naitiri, Bungoma. Kisha akaweka kando yake fomu ya leo. Nyaruai Kabiru, mwanamke, alizaliwa mwaka wa 1946, Uganda.

"Sasa niambie nifikirie nini," alisema. "Mimi naona ni mtu wa Uganda amekuja kubeba jina ya mtu."

Lile neno Uganda ndilo lililoharibu kila kitu, na Nyaruai alikuwa ameonywa. Yule bwana wa kujaza fomu, anayekaa chini ya mwavuli nje ya lango kwa shilingi ishirini, alimwambia waziwazi kwamba mahali pa kuzaliwa aandike Kitale, mambo yapite. Nyaruai alimjibu kuwa hawezi kuanza kuidanganya serikali siku ileile aliyokuja kuiomba kitu. Kitambulisho chake cha zamani kiliungua na sanduku la bati, Januari ya mwaka uliopita, nyumba zilipochomwa katika vurugu za baada ya uchaguzi. Namba yake hakuikumbuka. Jina alilikumbuka, na mahali alipozaliwa alipakumbuka, basi akavisema vyote viwili kama vilivyo.

Nyumbani, mtaa wa Tuwan hapo Kitale, alikuwa na wajukuu wawili, Rosaline wa miaka kumi na miwili na Waithera wa saba. Mama yao, Nyaguthii, alizikwa miaka miwili nyuma, na mume hakuwahi kuwa naye. Mwaka huo wa 2009 serikali ilianza kuandika mayatima wa mtaa: shilingi elfu tatu kila baada ya miezi miwili, zichukuliwe posta na mlezi mwenye kitambulisho. Majina ya wasichana yalikuwa yameshaingia. La mlezi ndilo lililokosa namba mbele yake. Jerono, mama wa kamati ya mtaa, alikuwa amemweleza bila kuficha: orodha inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, na mtoto asiye na mlezi mwenye kitambulisho ataandikwa chini ya mtu mwingine au atatolewa, kwa sababu wako wengi wanaongoja nafasi.

Fridah alimpa njia mbili. Ya kwanza, ajiandikishe kama mgeni, apewe kadi ya wageni. Lakini mgeni hapewi pesa za mayatima. Ya pili, Alhamisi ijayo wazee wa kupiga watu msasa, wale wa kuwahoji wajue ni nani na wa wapi, watakaa Kanduyi, upande wa Bungoma, kwa sababu jina linalogombaniwa liko katika vitabu vya huko.

"Uende na huyo mwenye jina," alisema. "Akisema anakujua, mimi ni nani?"

Akasukuma fomu pembeni, akaita mtu wa nyuma.

*

Rosaline alikuwa amengoja nje na bahasha ya kaki kifuani. Ndani mlikuwa na vyeti vya kuzaliwa vya wasichana wote wawili, ambavyo Jerono alisema visilale mahali popote ila chini ya mto wa kulalia. Alimwona bibi yake anatoka, akaona kilemba kilivyochafuka, hakuuliza. Walitembea mpaka wakavuka reli.

"Cucu, nitegee kitendawili," mtoto alisema mwishowe, maana alijua hiyo ndiyo dawa.

Nyaruai alifikiri kidogo. "Kitendawili."

"Tega."

"Nimekwenda dukani kununua kitu changu, nikaambiwa tayari ninacho nyumbani kwa mtu."

Rosaline alijaribu deni, akajaribu kivuli, akajaribu ugonjwa. Vyote vikakataliwa. Basi, kama desturi ilivyo mtu anaposhindwa, ilimbidi atoe mji.

"Haya, nakupa Kitale."

"Nilikwenda Kitale," Nyaruai alisema polepole, "wakaniambia si kwangu. Nipe mwingine."

"Nakupa Uganda."

"Uganda nilikwenda zamani. Walinifukuza."

Mtoto alisimama. Mchezo huu alikuwa ameucheza tangu aanze kusema, na hakuwahi kumwona bibi yake akikataa mji. Akamshika ule mkono wa wino.

*

Nyaruai alifika Naitiri Jumatatu, baada ya kuuliza njia mara nne, na robo kilo ya sukari mfukoni. Maneno aliyapanga njia nzima. Angeanza kwa kuomba msamaha. Angesema hakuiba jina, alipewa na baba yake. Kama kuna kosa, ni la makarani. Mtu akiambiwa kwamba kuna mwingine anayetembea na jina lake mjini Kitale, anaweza kukuitia polisi, na hakuna atakayemlaumu.

Boma lilikuwa na ua wa mikuyu midogo na nyumba ya mabati. Mlangoni alikaa mama wa makamo yake, ungo wa maharagwe mapajani, anachambua bila kuangalia kama wanavyofanya waliochambua miaka mingi. Nyaruai alisalimu kwa Kikuyu. Mama alijibu kwa Kikuyu, ila chenye Kibukusu ndani, cha mtu aliyekulia huku.

"Namtafuta mama anayeitwa Nyaruai Kabiru."

"Ni mimi. Na wewe ni nani?"

Maneno yote yaliyopangwa yalimtoka. "Ni mimi pia," alisema.

Mama yule hakucheka. Alimtazama kuanzia viatu, akapanda hadi kwenye vidole vyeusi, akafika usoni, na hapo mikono yake ikaacha maharagwe. Maana mgeni alikuwa amefungua kinywa kwa aibu, na katikati ya meno yake ya mbele palikuwa na mwanya. Naye mwenyewe, kwa mshangao, alikuwa amefungua kinywa, na mwanya ulikuwa pale pale.

"Mama wa baba yako aliitwa nani?" aliuliza taratibu.

"Nyaruai."

"Hilo nalijua, wewe si ni mtoto wa kike wa kwanza. Baba yake baba yako?"

"Kabiru. Na kaka yangu mkubwa alikuwa Kabiru."

"Wetu yuko pale ng'ambo ya mto. Kabiru." Mama yule aliweka ungo chini. "Anayekufuata wewe?"

"Waithera. Wa mama wa mama yangu."

"Wetu ni Gathoni. Hapo ndipo mama zetu wanapoachana." Alipumua. "Na baba yako ni nani?"

"Gicheru."

Kuku alipanda kwenye ungo akaanza kula maharagwe, na hakuna aliyemfukuza.

Hakukuwa na haja ya kueleza mengi, maana kila Mkikuyu anajua jinsi majina yanavyotembea. Mtoto wa kike wa kwanza ni wa mama wa baba, wa kiume wa kwanza ni wa baba wa baba. Ndugu wawili wakizaa mahali pawili, hata wasionane, watoto wao wakubwa wanaitwa jina moja, kama mashina mawili ya mgomba yaliyotoka tumbo moja. Kabiru alizaa Gicheru, akazaa Kibe. Gicheru alikwenda Uganda kutafuta shamba. Kibe alibaki kwa mzungu upande huu, akaja akanunua Naitiri. Kila mmoja alipoulizwa na karani wake jina la ukoo, alitoa la baba yao. Mwaka wa sabini Gicheru aliporudi na watoto, alimtafuta mdogo wake miezi mitatu, akaambiwa alihamia mbali, na akafa akiamini hivyo. Na Kibe alikuwa hapa, mwendo wa siku moja kwa miguu.

"Alitutafuta?" aliuliza Nyaruai wa Naitiri.

"Miezi mitatu."

Mama yule aliinuka kwa magoti yanayolia, akaenda ndani, akarudi na beseni la maji ya moto na sabuni ya kipande. Akakaa mbele ya mgeni, akachukua mikono yake, akaanza kuosha ule wino, kidole kimoja kimoja. Haukutoka wote. Nyaruai alitazama mikono ile minne ndani ya beseni, na kwa kweli, isingekuwa weusi wa kucha, asingejua ipi ni yake.

*

Wazee wa Kanduyi walikaa katika ukumbi karibu na uwanja, watatu nyuma ya meza moja, na mwenyekiti aliitwa Makokha. Alikuwa mzee mkavu, mwenye koti la sufu alilofunga vifungo vyote licha ya joto. Watu walipigwa msasa mmoja mmoja. Kijana mmoja aliulizwa jina la mto wa kwao, akababaika, akarudishwa. Nyaruai alikuwa amekuja na binamu yake na Rosaline, na walipoitwa walisimama mbele ya meza wote watatu.

Binamu alisema alichokuja kusema. Makokha alisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba watu wawili wakikaa pamoja siku tatu wanaweza kupatana juu ya jambo lolote, na kwamba yeye ameshaona watu wakiuziana undugu kwa debe la mahindi. Anataka kitu kilichokuwepo kabla ya pesa hizi za mayatima kuja. Nyaruai akasema kila karatasi yake iliungua. Wazee wakatazamana.

Ndipo Rosaline, ambaye hakuna aliyemuuliza, akafungua bahasha ya kaki na kuweka cheti chake mezani.

Makokha alivaa miwani. Alisoma kwa sauti: Rosaline Nyaruai, alizaliwa 1997, mama ni Nyaguthii. Akakigeuza, akakagua muhuri, akatikisa kichwa. Hakuonekana mwenye furaha.

"Mama, tafadhari," alisema, na sauti yake ilikuwa ya huruma, jambo lililozidi kutisha. "Karatasi hii inakuangusha. Huyu mtoto amepewa jina la bibi yake. Maana yake bibi yake Nyaruai alikuwa ameshakufa mwaka huo. Kwetu jina hupewa mtoto wakati mwenyewe hayupo, ndiye anarudi. Sasa kama Nyaruai alikufa tisini na saba, wewe ni nani?"

Nyaruai alielewa kwamba mzee haonei mtu. Ameongea kama mtu wa kwao anavyojua dunia ilivyo.

Binamu yake ndiye aliyecheka. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mzee Makokha, mimi nina wajukuu watatu wanaitwa Nyaruai," alisema, "na asubuhi nimekunywa uji vikombe viwili. Sisi hatungoji mtu afe bana. Wewe ukae miaka yote hii jirani yetu na hujui?"

Hata wazee wale wengine wawili walicheka. Makokha hakucheka, ila alirudisha macho kwenye cheti na kukaa nacho muda mrefu, akikisoma upya kama barua iliyobadilika mkononi. Kisha alimuuliza Nyaruai mtoto wa binti asiyeolewa huitwa nani kwa desturi yao. Nyaruai akajibu kuwa wa kwanza wa kike ni wa mama wa huyo binti. Basi alipozaliwa mtoto huyu, mzee akauliza, bibi alikuwa hai na akiitwa hivyo? Alikuwa hai, akajibu, na ndiye aliyemkata kitovu.

"Miaka kumi na miwili," Makokha aliwaambia wenzake. "Kabla ya moto. Kabla ya pesa. Huyu mtoto ametembea na kitambulisho cha bibi yake mwilini." Akavua miwani. "Kwere kabisa, sijawahi kuona kitu kama hiki."

Alivuta karatasi aandike barua. Kalamu ilipofika mahali pa kuzaliwa, akainama, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba angeweza kuweka Naitiri, kama binamu yake, na hakuna atakayemsumbua tena maisha yake yote.

Nyaruai aliangalia mikono yake. Weusi ulibaki pembeni ya kucha.

"Mzee, mimi nilizaliwa Uganda," alisema. "Mwaka wa sabini kule walinifukuza kwa sababu ni mtu wa Kenya. Hapa wanataka kunifukuza kwa sababu ni mtu wa kule. Kama kuna katikati, nionyeshe nikajenge hapo. Kama hakuna, niandike nilivyo."

Hakuna mtu wa umri wa Makokha, Bungoma, asiyeikumbuka ile misafara ya mwaka wa sabini, watu na masufuria na magodoro wakiingia kutoka mpakani. Mzee hakusema kama aliiona. Aliandika Uganda kwa herufi kubwa, akapiga muhuri mara mbili.

*

Nje ya ukumbi binamu alisema kwamba barua peke yake haitoshi. Kule Kitale watataka mtu mzima wa ukoo mwenye kitambulisho, aweke sahihi kama mdhamini, na yeye magoti hayamruhusu kwenda Kitale kesho. Atamtuma ndugu yao wa tatu, anauza mbao hapa hapa Kanduyi.

"Anaitwaje?" Nyaruai aliuliza, akikunja barua.

"Wewe si unajua. Wa tatu."

Nyaruai aliacha kukunja. Wa kwanza wa kiume ni wa baba wa baba, wa pili ni wa baba wa mama. Wa tatu ni wa ndugu wa baba.

"Gicheru," alisema.

"Baba alilia siku alipozaliwa, mama alituambia. Kila jioni alisimama pale uani kumwita aje ale, Gicheru, Gicheru. Sisi tulifikiri anamwita mtoto tu."

Nyaruai alikaa kwenye jiwe la ngazi. Rosaline alimshika bega akidhani ni jua. Alimwambia binamu yake kwamba kwao pia kulikuwa na wa tatu. Alizikwa kule kule Uganda, Masindi, akiwa na miaka tisa. Jina lake lilikuwa Kibe, na baba yao hakuacha kumwita kwa jina hilo hata mtoto alipokuwa kaburini.

*

Ijumaa benchi la Kitale lilikuwa limejaa. Jerono alikuwa ameshakaa pale na orodha yake kwenye faili la plastiki, maana ilikuwa inapelekwa saa sita. Nyaruai alisimama mbele ya kaunta ile ile, kilemba kimefuliwa lakini doa bado lipo. Nyuma yake, karibu na mlango, alikaa mtu mnene wa miaka hamsini na kitu, vumbi la mbao kwenye nyusi, kofia magotini.

Fridah aliisoma barua ya Makokha hadi mwisho. Aliifikia Uganda, akatua, akaendelea. Hakuomba radhi. Alichukua fomu mpya, akatafuta kitambaa kwenye droo, akakiweka karibu na kidau cha wino, upande wa mama. Kisha akaanza kuuliza na kuandika, haraka, kama mtu aliyechelewa.

"Jina la baba?"

"Gicheru."

"Naam," ilijibu sauti kutoka mlangoni. Yule mtu wa mbao alikuwa ameinuka nusu, kofia mkononi, akifikiri zamu yake ya sahihi imefika.

Nyaruai hakugeuka. Alijua akigeuka ataona binamu yake, muuza mbao wa Kanduyi, mtu aliyekutana naye jana. Lakini sauti ile, na namna ile ya kuitikia kama aliyeitwa kula, alikuwa ameisikia mara ya mwisho miaka thelathini nyuma, kwa baba yake. Rosaline, kando yake, alifungua kinywa polepole, maana alikuwa ameshasimuliwa yote.

Fridah alimtazama mzee wa mlangoni, akamtazama mama, kalamu juu ya kisanduku kinachofuata.

"Baba yako yuko hai," aliuliza, "ama ni marehemu?"

Jerono aliangalia saa. Na Nyaruai, aliyekataa kudanganya juu ya Uganda, aliyeosha mikono yake na mikono ya mwingine katika beseni moja, alisimama pale na vidole vyake kumi mbele ya kifua, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuzunguka ofisi hizi, hakujua jibu la kweli ni lipi.

"Andika marehemu, mama," alisema mwishowe kwa sauti ndogo. "Lakini acha mahali kidogo."

Fridah aliandika. Akaacha nafasi. Kisha akachana karatasi ya kungojea kutoka kwenye kitabu, yenye namba nyekundu pembeni, ile namba iliyokosekana kwenye orodha, na kabla wino haujakauka Jerono alikuwa ameshaunyosha mkono.